Orodha Niliyoipigia Mistari

Mtaa wetu hapa Voi una barabara moja tu ya maana, tena ya vumbi, inayoanzia kwenye lami na kupita katikati ya nyumba thelathini hivi. Mpaka majuzi iliishia kwenye kiwanja. Tulikiita kiwanja tu. Kwenye ramani ya zamani, ambayo nimeiona kwa macho yangu mawili ofisini, pameandikwa eneo la wazi, na hakuna jina la mtu. Palikuwa tambarare, udongo mwekundu uliochanganyika na mchanga, na migunga saba mikubwa iliyosimama karibu katika mstari mmoja, ingawa hakuna aliyeipanda. Baada ya mgunga wa saba kilianza kijia cha kuteremkia mtoni.

Mto wenyewe, miezi mingi ya mwaka, ni mchanga. Lakini ukiuchimba mchanga huo kidogo unapata maji, na mifereji ya mtaa ikikauka, jambo ambalo halimshangazi yeyote anayekaa Voi, wanawake waliteremka na mitungi yao kwa kile kijia. Jumamosi kulikuwa na kwaya, ambayo sikuipenda kwa sababu sauti ya pili ilipotea kila mara na hakuna aliyejali. Siku za kazi kulikuwa na shule ya udereva yenye pikapu moja iliyochoka, na wanafunzi waliogonga mapipa bila aibu. Mbuzi walikuwapo siku zote. Nililalamika juu ya mbuzi, juu ya kwaya na juu ya pikapu, na sasa ningefurahi kuisikia hata ile sauti ya pili.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilizaliwa Werugha, juu kwenye ukungu, ambako mashamba yamekatwa matuta mlimani na kila mtu analima mpaka ukingoni, lakini hata aliye mchoyo kupindukia anaacha kijia ili jirani apite na mzigo wake wa majani ya ng'ombe. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Nilikua nikidhani ndivyo dunia yote ilivyo. Mume wangu alitoka magharibi, akaletwa Voi na kazi ya reli, tukakutana hapa, tukaoana, watoto wetu wakakua na kuondoka. Yeye aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza na hajaacha. Mimi namwita Mzee.

Miaka miwili baada ya kustaafu alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, mkono ukawa mzito, na maneno yakawa yanatoka moja moja, kwa kazi, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Akili ilibaki nzima. Hilo watu wengi hawakulielewa. Walimsemesha kwa sauti ya juu kana kwamba ni kiziwi, na mimi nilikuwa nikiwakemea, nisijue kwamba nami sikulielewa vya kutosha. Hospitalini, dada wa mazoezi ya viungo alituambia jambo moja: atembee. Kila siku, mahali tambarare, pasipo mawe, pasipo magari. Akiacha, mguu utakakamaa na hatausimamia tena. Alisema hivyo mara mbili, na mara ya pili alikuwa akinitazama mimi.

Barabara yetu ina mawe, mitaro na boda boda. Ua wetu ni hatua kumi na mbili kutoka mlangoni hadi langoni, na kamba za nguo katikati. Kwa hiyo tulienda kiwanjani, kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu. Wiki ya kwanza aliufikia mgunga wa kwanza, akauegemea huku jasho likimtiririka, na nilipotaka kumfuta uso akaniondoa kwa kiwiko. Ilichukua muda mrefu kuufikia wa pili. Kuna siku aliporudi nyuma, hata wa kwanza ukamshinda, na siku hizo alikataa chakula cha mchana. Lakini tuliendelea, karibu mwaka mzima, na mtaa wote ukawa unajua. Wanawake waliopita na mitungi walimwuliza, "Mzee, leo ni wa ngapi?" naye aliwaonyesha kwa vidole vya mkono wa kushoto. Mwishowe alifika wa tano, mwenyewe, mimi nikimfuata nyuma mikono mitupu. Siku hiyo aliniambia lengo lake lote kwa maneno matatu. "Mtoni," alisema. Kisha, baada ya kupumua, "Peke yangu."

Chama cha wakazi tulikianzisha siku tulipokuta vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kati ya mgunga wa tatu na wa nne. Hakuna aliyejua vilitoka wapi wala viliwekwa na nani. Mwenyekiti wetu alikuwa mstaafu wa magereza, mtu wa kusimama wima na kusema machache, aliyeamini kwamba barua yenye mhuri haiwezi kupuuzwa. Mimi nilifanywa katibu bila kura, kwa kuwa mwalimu ndiye mwenye mwandiko. Sikukataa. Nikiwa mkweli, nilifurahi, kwa sababu tangu nistaafu hakuna mtu aliyekuwa akinihitaji kwa jambo lolote la kuandika.

Na nilikuwa na jambo moja ambalo sikumwachia mtu: orodha ya waliohudhuria. Mkutano usio na majina, niliwaambia, ni porojo za dukani. Nilinunua daftari kubwa, na kila mkutano nililipigia mistari kwa rula: namba, jina, kitambulisho, simu, sahihi. Mwanzoni walinung'unika. Kulikuwa na mama mmoja mzaliwa wa Mombasa, apikaye mahamri kando ya barabara yetu, ambaye hakupata kusoma. Alikuwa akiweka kidole gumba kwenye daftari huku akinitania, "Mwalimu, wewe hata akhera utatupanga foleni tutie sahihi." Lakini walizoea. Baada ya miezi michache hakuna mtu wa mtaa ule aliyeketi kwenye mkutano bila kuuliza daftari liko wapi. Nilijivunia hilo kuliko barua zote tulizoandika.

Barua tuliandika nyingi. Tulipeleka kwa ofisi ya ardhi, kwa kaunti, kwa mwakilishi wa wadi. Kila mahali tulipokewa kwa heshima, tukapewa viti, tukaambiwa turudi wiki ijayo. Wiki ijayo tuliambiwa turudi wiki ijayo. Tulizungushwa hivyo mpaka mwenyekiti akaanza kuvaa zile suruali zake za kawaida badala ya suti.

Kisha karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa poshomili, tunaposagia unga. Ilisema kuna kampuni inayokusudia kujenga yadi ya malori na vyumba vya kulala madereva, na kwamba wakazi wote wanaalikwa kutoa maoni yao. Mkutano ungefanyika pale pale kiwanjani. Sisi tulishangilia. Naandika hivi na uso unanichoma, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwenyekiti alisema wamejileta wenyewe, kilichobaki ni sisi tujitokeze kwa wingi na kuwakatalia mbele ya macho yao. Nilipita nyumba kwa nyumba, siku tatu, nikimwambia kila mtu aje na asisahau kitambulisho.

Walikuja watu arobaini na mmoja. Hema lilikuwa limepigwa chini ya migunga, viti vya plastiki vimepangwa, soda na mkate viko tayari. Wageni walikuwa watatu, na wawili kati yao hawakusema neno siku nzima. Aliyezungumza alikuwa binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, mpole, mwenye faili mkononi, na alitueleza mradi kwa picha za rangi ambamo malori yalikuwa mapya na miti ilikuwa midogo ya kupandwa kwenye vyungu. Alipomaliza akauliza maoni.

Hapa kwetu mtu hasimami kumkatalia mgeni kabla hajamshukuru. Kwanza unamkaribisha, unashukuru kwa kufika kwake, unashukuru kwa soda, unasema maendeleo ni mema na hakuna anayeyapinga. Ndipo unasema lakini. Kila aliyesimama siku ile alifanya hivyo, na hakuna aliyeona ajabu. Mwenyekiti alishukuru kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akasema kiwanja ni cha umma na hakitajengwa kitu. Mama wa mahamri alisimama na kusema, "Tumefurahi kuwaona, wanangu, na Mungu awazidishie riziki. Lakini hapa ndipo tupitapo kwenda kuteka maji. Mkipaziba, twende wapi?" Watu walimpigia makofi. Binti alikuwa akiandika. Mara kwa mara niliona kalamu yake imetulia, na sikujiuliza inatulia wapi.

Mwishoni alitoa karatasi. "Madam, hizi ni za kuonyesha tu kina nani wamekuja," aliniambia, baada ya kuelezwa kwamba mimi ndiye katibu. "Sijui nitasaidiwa na nani kuzizungusha."

Nilizitazama. Zilikuwa nyeupe kabisa, bila hata mstari mmoja. Watu wangeandika majina yakipanda na kushuka, namba za simu zikiingia kwenye vitambulisho, aibu tupu, tena mbele ya wageni. Nilimwambia, kwa ukali kidogo, kwamba kazi haifanywi hivyo. Nilitoa rula kwenye mkoba wangu na kupiga mistari kwenye karatasi zote tatu, juu ya goti, nikaacha nafasi pana juu kwa ajili ya kichwa cha habari, kama nilivyowafundisha watoto miaka yote ile. Binti alisimama kando yangu akiangalia.

"Asante sana, madam," alisema. "Kichwa nitapiga chapa ofisini."

Nimeulizwa mara nyingi kama sikushuku kitu. Sikushuku, na pia sikuamini. Nilikuwa nikitazama mistari.

Nilizungusha mwenyewe, safu kwa safu. Hakuna aliyesita, hakuna aliyeuliza ya nini, kwa sababu walikuwa wamezoea kuandika mahali ninapowaonyesha. Mama wa mahamri aliweka kidole gumba. Mzee alikuwa kwenye kiti cha mbele, na nilimwacha awe wa mwisho ili asiharakishwe. Nilipomfikia aliweka kiganja chake cha kushoto juu ya karatasi, pale juu palipokuwa peupe, akakikandamiza. Nilidhani anataka kutia sahihi mwenyewe, jambo ambalo lingetuchukua dakika kumi. Alifungua mdomo na neno halikuja. "Mzee, watu wanangoja," nilimwambia, nikauinua mkono wake taratibu na kuuweka gotini. Niliandika jina lake, nikaandika namba yake ambayo naijua kwa moyo, na mahali pa sahihi nikatia yangu kwa niaba yake. Alinitazama. Mimi nikampelekea binti karatasi zake, na akazisifu.

Tuliondoka pale tukiwa na furaha. Barabarani watu walikuwa wakirudia maneno ya mama wa mahamri na kucheka, wakisema wale wageni wameonyeshwa cha mtema kuni. Kwa wiki kadhaa hakukuwa na habari yoyote, nasi tukachukua ukimya huo kuwa ushindi. Mzee aliendelea kufika wa tano, na siku moja aliupita kwa hatua tatu kabla ya kuomba mkono wangu. Jioni alikula ugali wote na akataka mwingine.

Asubuhi waliyokuja wakataji wa kampuni na misumeno ya petroli, tulipofika walikuwa wameshaanza. Mgunga wa saba, ule wa karibu na mto, ulikuwa tayari umelala, na watu wawili walikuwa wakiuondolea matawi. Harufu ya mti mbichi ilikuwa kali. Mzee alisimama ameushikilia mkongojo wake, na mimi nikawaendea wale watu nikipiga kelele, nikitumia sauti niliyokuwa nikitumia paredini shuleni, na kwa sekunde chache wakazima mashine kwa mazoea tu ya kuwahi kuwa wanafunzi wa mtu. Msimamizi wao alikuja. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, sisi tumetumwa," alisema. "Karatasi zote ziko. Kaulizeni ofisini." Kisha mashine zikawashwa tena.

Tulikwenda siku hiyo hiyo, mimi na mwenyekiti, yeye akiwa amevaa suti tena. Ofisi yenyewe siitaji. Afisa alitupokea vizuri, akatafuta faili, akalifungua mezani na kulielekeza upande wetu ili tusome wenyewe. Kulikuwa na muhtasari wa mkutano. Ulisema wakazi waliukaribisha mradi, walishukuru kwa kushirikishwa, na walisema maendeleo ni mema. Kila neno lilikuwa limesemwa kweli. Baada ya kila neno la shukrani palikuwa na nukta, na lile lakini letu halikuwapo popote.

Kisha akafunua ukurasa wa pili, na nikauona mwandiko wangu. Namba, jina, kitambulisho, simu, sahihi. Juu, kwenye nafasi niliyoiacha, yalikuwa yamepigwa chapa maneno haya: Sisi wakazi wa eneo hili, tuliotia sahihi zetu hapa chini, tumeelezwa mradi huu kwa ukamilifu na tunaukubali.

Niliwaza mkono wa Mzee. Pale pale penye maneno ndipo alipokuwa ameweka kiganja chake. Mtu aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, ambako gari moshi haliondoki kwa karatasi isiyo na maneno juu yake, alikuwa ameona kilichokosekana na hakuweza kukisema haraka.

Mwenyekiti alisema kwamba tulidanganywa. Afisa hakubisha sana. Alisema muda wa kupinga ulikwisha wiki iliyotangulia, na tangazo lilikuwa limebandikwa ndani ya ofisi, ukutani, ambako kila mtu angeweza kulisoma. "Na pia, mzee wangu," alimwambia mwenyekiti kwa upole, "hizi orodha huwa tunazikataa mara nyingi. Jina halisomeki, kitambulisho hakijakamilika. Hii ilikuwa safi kabisa. Sikuwa na sababu ya kuirudisha." Mwenyekiti hakunitazama. Alitazama dirisha, na njiani kurudi alizungumza juu ya joto.

Tulimwona wakili mmoja mjini. Alituambia jambo linawezekana, kwa shida, iwapo kila aliyetia sahihi ataapa mbele ya hakimu kwamba alidanganywa, na wa kwanza kuapa awe ni aliyezungusha karatasi. Mimi nilikuwa tayari hata kesho yake. Nilianza kupita nyumba kwa nyumba tena, lakini sasa milango ilifunguliwa nusu. Wengine walikuwa wamepata vibarua vya kubeba mawe pale pale. Wengine waliogopa korti. Wengi walikuwa wamechoka tu, na walisema watafikiria, na nikajua maana yake. Siwalaumu. Nilijaribu kuwalaumu, nikashindwa, maana kila nilipoanza nilimkuta mtu mwenye rula.

Mkutano wetu wa mwisho ulifanyika uani kwa mwenyekiti, na walikuja saba. Mama wa mahamri alikuwa mmoja wao. Nilisimama nikawaambia kwamba kosa ni langu, sikuzunguka maneno. Mama wa mahamri akasema, bila hasira yoyote, "Miye sikusoma, Mwalimu, nawe wajua. Nilitia kidole kwa kuwa aliyeileta ni wewe." Ningependa angenitukana. Tulizungumza kidogo juu ya kuandika barua nyingine, na mwenyekiti akasema mhuri anao, utakapohitajika. Kabla hatujaondoka nilitoa daftari kwa mazoea na kulinyoosha kwa aliyekuwa karibu nami. Hakuna aliyelipokea. Nililirudisha mkobani.

Nilimwambia Mzee jioni hiyo, nikiwa nimeketi kwenye kitanda, yeye kwenye kiti chake. Nilimweleza yote, faili, maneno yaliyopigwa chapa, jina lake na sahihi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Niliona," alisema.

Na mimi, kwa upumbavu wa aliyeumia, nikamwuliza, "Sasa mbona hukusema?"

Ilimchukua muda kulipata jibu. Mdomo wake ulifanya kazi, mkono wa kushoto ukashika ukingo wa kiti.

"Nilikuwa nasema," aliniambia.

Ukuta wa yadi ni wa mawe, umepita urefu wa mtu, na umeikata barabara yetu nyumba mbili tu baada ya kwetu. Ukiwa langoni kwetu unauona. Kijia cha mtoni kiko upande wa pili. Wanawake wa mtaa sasa wanatoka kwa juu, wanafuata lami kando ya malori, wanateremkia kule darajani, na mama wa mahamri amehamisha jiko lake huko huko kwa kuwa wateja wanapita huko. Kwaya imekwenda sijui wapi. Malori yanaingia na kutoka kwa lango la upande wa barabara kuu, na usiku na mchana tunasikia breki zao.

Tulijaribu. Siwezi kusema hatukujaribu. Niliondoa kamba za nguo, na tukatembea zile hatua kumi na mbili kwenda na kurudi, lakini kugeuka ndiko kulikomshinda. Kila mwisho wa ua tulikuwa tukigombana. Tulijaribu barabarani, akajikwaa kwenye jiwe, akaanguka kwa upande ule usiojikinga. Baada ya hapo alikaa kitandani siku nyingi. Tulijaribu kando ya lami, asubuhi na mapema, na lori moja likatupigia honi kwa nguvu hivi kwamba mwili wake wote ulikakamaa na nikalazimika kuwaomba watu wawili wanisaidie kumrudisha nyumbani. Nilimpeleka kwa yule dada wa hospitali. Aliukunja mguu, akaunyoosha, ukakataa kunyooka, naye akaniuliza tulikuwa tukitembea wapi. Nilimwambia. Aliandika kitu kwenye kadi na hakurudia yale aliyokuwa ameniambia mwanzo.

Wiki iliyopita nilimwamsha kama kawaida, nikamletea viatu. Alivitazama akatikisa kichwa. Mimi ni mtu wa hasira, na nilimvuta mkono, nikamwambia hatukufika wa tano ili tuje tushindwe na viatu. "Mwalimu," alisema, "tuwache." Alisema kwa urahisi, bila kukwama, kama mtu aliyekuwa amelitayarisha neno tangu jana. Niliviweka viatu chini ya kitanda. Nilitoka nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikarudi nikamwuliza basi anataka nini.

Alitaka nimkalishe langoni. Watu wakipita, alisema kwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima, wamwamkue.

Nilitoa kiti, nikamfunga shuka miguuni, nikaketi kando yake na chai. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Zamani, saa hiyo, ungedhani kuna harusi, kwa jinsi watu walivyokuwa wakipita kwenda kiwanjani na kurudi na maji. Tuliitazama barabara. Saa tatu ikafika, saa nne. Nilitaka kumweleza kwamba barabara haiendi popote tena, hivyo hakuna wa kuifuata, lakini alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili hiyo, nikanyamaza. Karibu saa tano ilikuja boda boda moja, mwendeshaji mgeni asiyejua mtaa, akafika hadi ukutani, akaona hakuna njia, akageuza. Mzee alimwona akirudi na kuanza kumsalimu. Neno lilipotoka, pikipiki ilikuwa imeshafika kwenye lami.